Alama ya Nane kwenye Ramani ya Kanga

Vijana wangu, Jumapili mlipokuja hapa kwangu Mafubira, Jinja, na vibali vyenu vipya vya kuwinda, mkaniwekea simu mapajani na kusema, "Mzee Twaibu, tuoneshe kanga wanakaa wapi," nilijifanya macho hayaoni. Macho yangu yanaona. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia jambo ambalo watu wa hapa hawalijui. Wananiita fundi wa kanga, nami nimeliacha jina hilo linizoee mpaka nimezeeka nalo. Sasa nimeamua kuandika. Someni yote, msisome sehemu ya ndege peke yake.

Nasema kanga ndege, si kanga ya kujifunga. Yule wa madoadoa, kichwa kama amevaa kofia ya mfupa, anayepiga kelele kama lango linalotaka mafuta. Kwa miaka mingi niliwawinda kwenye uwanda ulio kaskazini ya Mbale, mji niliokuwa naishi, chini ya mlima, nikawaleta Jinja kwa basi. Wengine waliliwa katika hoteli moja ya mtoni, wengine kwenye harusi za Waislamu wenzangu.

Mwindaji wa kawaida huamka, hushika bunduki, huzunguka porini mpaka miguu iishe. Mimi nilikuwa nakaa kwanza chini na ramani. Watu walinicheka. "Twaibu anatafuta ndege kwenye karatasi!" Lakini nilipokuwa narudi na magunia mawili juu ya baiskeli, wao wakiwa na njiwa watatu, kicheko kiliisha.

Aliyenifundisha ni Mzee Nasani Wepukhulu. Ujana wake wote alibeba mnyororo wa wapima ardhi, akitembea mbele yao kwenye majani marefu, akipigiwa kelele za kushoto na kulia. Ofisi ilipotupa karatasi zake za zamani, aliokota ramani moja ya uwanda wote akaenda nayo nyumbani. Nilimkuta kijijini kwake nikiwa nimepotea, bunduki begani, kiu imenikausha. Alinipa maji, akanitazama, akasema, "Wewe unatafuta kanga huku juu? Huku utapata mawe."

Akatandaza ile ramani juu ya kitanda cha kamba. Nilidhani atanionesha picha ya ndege. Alinionesha mistari.

"Hii mistari ya kahawia ni mwinuko," alisema. "Ikikaa mbalimbali, ardhi ni tambarare. Ikibanana, utapanda kwa mikono. Kanga ni mtu wa kutembea, hapendi kupanda ovyo. Sasa tafuta maji. Mstari wa bluu mzima ni maji ya mwaka mzima. Ukikatikakatika, hayo ni maji ya mvua tu. Kisha tafuta miti mirefu karibu na maji, maana analala juu. Mwisho tafuta shamba lililoachwa, mahali watu walilima mtama au wimbi wakaondoka. Anachakura mbegu zilizobaki, anaoga vumbi. Vitu vitatu: maji, miti, shamba kuukuu. Vikikutana mahali pamoja, wewe nenda taratibu."

Hiyo ndiyo elimu yote, vijana. Simu zenu zinaonesha rangi ya majani na mapaa ya nyumba, lakini mtatafuta vitu vitatu vilevile. Mkifika, msiende alfajiri kabisa. Kanga hashuki mtini upesi majani yakiwa na umande, hapendi kulowa. Ngojeni jua likaushe. Tazameni kwenye vichuguu: kama kuna mlinzi, atakuwa amesimama juu ya kimoja, shingo imenyooka, na akiwaona kundi lote litakimbia. Msiwakimbize moja kwa moja. Zungukeni mkae kati yao na miti yao ya kulala. Na kundi likiwa na vifaranga, geukeni mrudi. Nasani alininyang'anya bunduki siku moja kwa sababu hiyo, akatembea nayo mpaka nyumbani bila kusema neno, mimi nyuma yake kama mshtakiwa.

Nilikosea sana mwanzoni. Mara ya kwanza nilipoachiwa ramani peke yangu, niliona mahali pazuri, karibu mno, upana wa kidole tu kutoka barabarani. Sikuiangalia ile mistari ya kahawia ilivyobanana. Nilipofika, kidole kile kilikuwa ukuta wa mawe. Nilishinda kutwa nzima nikipanda kama nyani, na kanga nilikuwa nawasikia chini yangu, kule nilikotoka. Mara nyingine niliona alama ya kinamasi, nikasema huu ni msimu wa kiangazi, patakuwa pamekauka. Nilizama mpaka kiunoni kwenye mafunjo, ramani nimeinua juu kama mtu anayeomba dua. Nasani alipopata habari alicheka mpaka akashika mbavu. "Ramani umeiokoa," alisema. "Vizuri. Wewe nitakuokoa kesho."

Kuna aibu nyingine ndogo, niitoe kwanza ili nizoee. Sheikh mmoja wa Mbale aliagiza kanga kwa ajili ya akika ya mjukuu wake. Mmoja nilimkuta amekwisha kufa kabla sijamfikia na kisu. Nilipomletea Sheikh aliniuliza, "Wote umewachinja mwenyewe, wakiwa hai?" Nikasema wote. Nilifika nyumbani nikashindwa kula. Jioni ileile nilirudi nikamwambia. Alimtupia paka yule ndege, akanikaripia mbele ya watu, kisha akanikaribisha chai. Niliondoka pale mwepesi kabisa. Nawaambia hili mjue kwamba nilikuwa najua jinsi ya kusema ukweli. Nilijua ukweli ukisemwa siku ileile una uzito gani. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Sasa nifike kwenye vita.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi, mwisho wake. Vita vilikuwa vinakuja kutoka kusini, na sisi tulikuwa tunapimia umbali wake kwa jinsi chumvi na sabuni zilivyokuwa zinapotea dukani. Askari walikusanya bunduki zote za raia, na ya kwangu ikaenda. Wengine walianza kuchukua ng'ombe vijijini. Watu wa kijiji cha Nasani walihama. Hawakwenda mbali, walishuka kwenye korongo moja lenye chemchemi, mahali pa miti mirefu, wakakaa huko na watoto na ng'ombe wao. Nasani alinijia Mbale sokoni kunieleza.

"Twaibu, ile chemchemi yetu ya kanga unaikumbuka?"

"Naikumbuka, Mzee."

"Tuko huko. Usije, na usimpeleke mtu. Ukiulizwa, huko hakuna kitu."

Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mzee, huko hakuna kitu."

Haikupita muda mrefu, askari alinikuta palepale sokoni, akasema kapteni ananiita kambini. Mke wangu Zaituni alikaa chini kwenye vumbi. Siku hizo ukiitwa kambini, watu walikuwa wanaanza kukulilia kabla hujafika.

Kapteni alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, kutoka kaskazini. Alinipa kiti. Aliniagizia soda, ambayo mwaka ule hata harusini haikupatikana.

"Bwana Twaibu, hapana ogopa," alisema. "Mimi nasikia wewe ni profesa ya kanga. Mimi napenda kanga kabisa. Kwetu baba yangu alikuwa nawinda. Hii ramani ya jeshi iko. Wewe weka alama, mimi narudisha bunduki yako. Kwisha."

Alinipa kalamu nyekundu. Ramani yake ilikuwa nzuri, mpya, haina mikunjo. Vijana, nitawaambia ukweli: nilifurahi. Nilianza kumfundisha vile Nasani alivyonifundisha mimi, maji, miti, shamba kuukuu, na alikuwa anatikisa kichwa na kusema "Eh! Eh!" na kuwaita maofisa wenzake waje wasikie. Niliweka alama saba. Zote saba zilikuwa mahali pa kweli, na hakuna hata moja penye watu. Nikaweka kalamu mezani.

Kapteni aliinama juu ya ramani muda mrefu. Kisha akaweka kidole.

"Hapa," alisema. "Hapa naona maji ya bluu, mzima, haikatiki. Naona miti. Naona shamba ya zamani. Wewe mwenyewe umesema vitu tatu. Mbona hapa hapana alama?"

Kidole chake kilikuwa juu ya chemchemi ya Nasani.

Baadaye, njiani kurudi nyumbani, nilipata uongo mwingi wa kumjibu. Kuna chui. Kuna nyoka. Maji yale ni ya chumvi. Ramani imekosea, kijito kilikauka zamani. Angeniamini, maana dakika ile alikuwa ananiamini kwa kila kitu. Lakini pale mezani maofisa wanne walikuwa wananitazama, na mmoja wao akacheka kidogo, akasema, "Profesa amesahau." Ni kicheko kile. Msinihurumie mkidhani niliogopa kufa; sikuwa naogopa kufa, maana hakuna aliyenitisha. Niliona haya kuonekana sijui kazi yangu.

Nikasema, "Ah, kweli afande, nimepitiwa." Nikachukua kalamu nikaweka alama ya nane.

Nilirudishiwa bunduki. Kapteni alisema watakwenda Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi. Baiskeli yangu ilikuwa nzima, na njia ya kwenda kwenye lile korongo ningeweza kuipita nimefumba macho. Ijumaa asubuhi niliitoa nje nikaijaza upepo. Halafu nikajiambia, wana alama nane, kwa nini waanzie ile? Nikajiambia wanataka ndege tu. Nikajiambia nikionekana njiani nitawaharibia zaidi. Nikaenda kusali Ijumaa, nikarudi, nikaiingiza baiskeli ndani. Zaituni aliniuliza ulikuwa unakwenda wapi, nikasema sehemu.

Jumamosi mchana lori la jeshi lilipita mjini limejaa ng'ombe. Juu ya ng'ombe walikaa askari wawili, na mmoja alikuwa ameshika kanga kwa miguu, mmoja tu.

Zaituni alisimama mlangoni. "Hawa ng'ombe ni wa nani?" aliuliza.

"Nitajuaje?" nilimjibu, na nilimjibu kwa ukali, mimi ambaye sikuwa na desturi hiyo.

Habari zilifika vipandevipande. Watu walikimbilia kwenye matete. Nasani alikuwa amesimama mbele ya zizi, akapigwa kitako cha bunduki nyongani, na tangu siku ile hakutembea tena bila gongo. Mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa na mimba ya mwezi wa nane. Alijifungulia kwenye matete yale, ndani ya maji, wenzake wamemziba mdomo asisikike. Mtoto hakuishi.

Na bado sijafika mwisho wa aibu. Watu wa Nasani walikaa chini wakaulizana nani amewauza. Kati yao kulikuwa na mtu anaitwa Musamali, mkulima mkimya, ambaye siku chache kabla alikwenda mjini kununua chumvi. Alikuwa amerudi nayo. Katika siku ambazo hakuna aliyepata chumvi, yeye alipata. Hiyo ilitosha. Walimfukuza yeye na mkewe na watoto, na kibanda chake wakakitia moto. Nilisikia habari hii sokoni, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa ananunua nyanya, naye akasema, "Mungu amlipe." Na mimi nikasema, "Amina." Neno hilo nimelisema kwa mdomo wangu huu.

Vita vikaisha. Walikuja askari wengine kutoka kusini, wenye Kiswahili laini, wanaosema tafadhali kabla ya kukuomba maji, na mimi nikawa sitaki kusikia neno ramani. Tulihamia hapa Mafubira. Bunduki niliendelea nayo, kwa sababu watoto wanakula, lakini niliwinda upande wa huku tu, bila karatasi, nikizunguka kama wale waliokuwa wakinicheka. Niliwinda vibaya. Watu walidhani ni uzee umeniwahi. Kwa Nasani nilituma salamu kwa kila aliyekwenda Mbale. Yeye naye alizirudisha, na kila mara aliyezileta alisema, "Mzee anauliza utakuja lini."

Miaka ikapita ndivyo hivyo. Uwanda ule ulikuwa na matatizo mengine baada ya vita, wezi wa ng'ombe, watu wakihama na kurudi. Amani ilipokaa sawa, watu wa kijiji kile walirudi kujenga, na mipaka ya mashamba ilikuwa imepotea kwenye vichaka. Nasani akaniita. Alisema anazeeka, macho yamekwisha, ramani yake anayo bado, na mtu pekee anayeweza kuisoma ni mimi.

Nilikwenda. Nilimkuta kitandani, gongo pembeni. Alifurahi kuniona mpaka akashindwa kulizuia chozi. Alianza kunieleza shamba la nani liko wapi, nikamkatiza. Nilimwambia yote: kambi, soda, kalamu, kicheko cha yule ofisa, baiskeli niliyoijaza upepo. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika.

Alipapasa gongo lake pembeni. Kisha akauliza, "Alikupiga?"

"Hapana, Mzee."

"Alikuonesha bunduki?"

"Hapana."

"Mimi ningependa useme alikupiga," alisema Nasani. Akageukia ukutani. Akasema, bila kunitazama, "Mimi nilikuwa mzee wa kijiji. Mimi ndiye niliyemwambia Musamali aondoke. Mtafute. Mimi sina miguu."

Nilimpata Musamali Mbale, sehemu ya viwanda, kwenye mashine ya kusaga mahindi, akibeba magunia. Alikuwa mweupe wa unga kichwa mpaka miguu, sikuweza kujua mvi ni zipi na unga ni upi. Nilimwomba tukae nje. Alikaa juu ya gunia tupu, mimi nikasimama. Hakuwa ananijua hata kwa sura. Fikirini hilo: nilimharibia maisha mtu ambaye hatukuwahi kusalimiana.

Nilipomaliza, alijipangusa mikono polepole, kidole kwa kidole.

"Mke wangu alikufa hapa mjini," alisema. "Alikuwa ananiuliza, baba fulani, kweli hukusema kitu? Hata yeye. Miaka yote ananiuliza. Siku ya kufa kwake aliniuliza."

Nilianza kusema nisamehe, akainua mkono.

"Si hapa. Nani anasikia hapa? Twende kule."

Siku ya mkutano aliouitisha Nasani watu walikuja wengi, kwa sababu walidhani ni habari ya mipaka. Nasani alibebwa kwenye kiti. Walipomwona Musamali, wengine walinyanyuka kutaka kuondoka, na Nasani akagonga gongo chini, wakakaa. Nilisimama mbele yao. Nilisema kwa Kiswahili, na mtu mmoja akatafsiri kwa Lumasaba kwa ajili ya wazee, kwa hiyo kila aibu yangu niliisikia mara mbili. Yule mkwe wa Nasani, aliyejifungulia kwenye matete, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuwa mwanamke mtu mzima sasa. Nilipofika kwenye alama ya nane alinyanyuka, akanisogelea. Nilidhani atanipiga, na wallahi nilitaka anipige. Alinitemea mate miguuni, akarudi akakaa. Nikaendelea mpaka mwisho.

Hawakunipiga. Hawakuniambia tumekusamehe. Nasani alimwomba radhi Musamali mbele ya wote, akishindwa kusimama, na wazee wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mimi nilibaki pembeni, hakuna aliyeniambia kaa wala nenda.

Kisha Musamali alikuja pale nilipo. "Shamba langu," alisema. "Kuna mtu amelima humo. Wewe unajua kusoma ile karatasi. Nioneshe mpaka wangu."

Tulifanya kazi ile siku tatu. Nilianzia kwenye kijito, nikahesabu hatua kwa kipimo cha ramani, nikatafuta jiwe la wapimaji ambalo Nasani alisema alilizika kwa mikono yake. Tulilichimbua chini ya mizizi ya mti uliojiotea. Aliyekuwa amelima humo aliona jiwe, akachukua jembe lake akaondoka bila ugomvi. Musamali alitembea nyuma yangu siku zote tatu, hatukuzungumza ila kushoto na kulia. Mchana alikula chakula chake upande wake, nami changu upande wangu.

Siku ya tatu nilipigilia kigingi cha mwisho. Niliweka nyundo chini, nikamnyooshea mkono. Aliutazama mkono ule. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anautazama tu, kama mtu anayesoma.

"Kigingi hiki kimelala kidogo," alisema. "Kinyooshe."

Nikapiga magoti, nikakinyoosha. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea katikati ya shamba lake, akikanyaga magugu yalale, akitafuta mahali nyumba ilipokuwa.